Vishikwambi 18, rejesta moja na maji ya bamvua

Mwalimu mkuu alinipokea kwa chai na maandazi, akaniambia vishikwambi vipo, vizima, vyote 18. Akageuka kwenye kabati la chuma lililokuwa nyuma ya kiti chake, akafungua. Vilikuwa ndani ya maboksi yake, na vingi bado vina ile plastiki ya kioo ambayo mtu huibandua siku ya kwanza. Ilikuwa katikati ya Februari 2023. Vilifika skuli Juni ya mwaka uliotangulia.

Mimi ni mshauri wa masomo. Nazunguka skuli kutoka kituo cha walimu, naingia madarasani, nakaa nyuma, kisha nazungumza na mwalimu juu ya nilichokiona. Skuli hii sitaitaja jina. Iko Pemba, Wilaya ya Micheweni, upande wa mashariki, ukimaliza lami ukaendelea mbele kidogo. Wanaume wa kijiji ni wavuvi, wanawake wanalima mwani. Kuna mikondo miwili, asubuhi wakubwa na jioni wadogo, na Kidato cha Kwanza cha mwaka ule kilikuwa na wanafunzi 64 ndani ya chumba kimoja. Nakieleza kisa chote, pamoja na tulipokosea, maana kikifupishwa hugeuka hadithi ya mafanikio, na waliokuwapo watanicheka.

Kabati

Jawabu la miezi minane lilikuwa ndani ya faili. Mradi uliovileta vishikwambi uliacha karatasi ya makabidhiano yenye orodha ya namba za vifaa, na chini yake sentensi moja iliyokolezwa wino: kitakachopotea au kuharibika, mpokeaji atawajibika. Mpokeaji ni mwalimu mkuu, kwa jina lake na sahihi yake. Hakuelezwa atawajibika kwa kiasi gani, wala kama kioo kupasuka mikononi mwa mtoto ni uharibifu au ndiyo matumizi yenyewe. Mtu aliyebakisha miaka minne kustaafu, afanye nini? Mimi ningefunga, na ufunguo ningelala nao. Yeye ndivyo alivyofanya. Akiitwa mkutano Wete au Chake, ufunguo unapanda gari pamoja naye.

Semina nyingi nilizohudhuria huieleza hali hii kwa kusema walimu wetu wanaogopa teknolojia. Huyu alikuwa na simu janja mbili, na yeye ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la walimu wakuu wenzake. Alichokuwa akikiogopa ni karatasi.

Tukaita kamati ya skuli, na sheha akaja. Kikao kilichukua saa moja na nusu na kikaandika mambo matatu katika muhtasari: kifaa kikiharibika kikiwa kazini, hasara ni ya skuli nzima, kila kinachotoka kabatini kiandikwe kwenye daftari la kuazima, ufunguo wa pili apewe mwalimu wa Hisabati. Theluthi ya kikao ilikwenda kwenye soketi. Chumba chenye umeme kilikuwa ofisi peke yake, na matundu mawili. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, na kabla yake tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli. Kwa hiyo umeme wenyewe ulikuwapo, lakini ulikuwa haujavuka ukuta wa ofisi. Ikakubaliwa vishikwambi vichajiwe sita sita kwa ekstensheni, kuanzia saa moja asubuhi, na karani asichomoe waya ili achaji simu yake. Hilo la karani nalo liliandikwa.

Kelele

Pamoja na vishikwambi kilikuja kisanduku kidogo chenye Kolibri, mfumo wa Learning Equality unaohifadhi video na mazoezi ndani ya mashine, darasa likasoma bila intaneti wala bando. Kwa kijiji ambacho mtandao unashika ukisimama chini ya mwembe wa msikitini, hili si jambo la kulidharau.

Mwalimu wa Hisabati, kijana aliyemaliza chuo juzi juzi, alianza wiki ile ile na video za hesabu za sehemu. Gawanya 64 kwa 18: watoto watatu au wanne kwa kila kioo. Vya kuvaa masikioni hakuna. Video 18 zikaanza kila moja kwa wakati wake, hii imefika mwisho, ile inasalimia, na chumba kikawa kama mnada wa samaki wa Tumbe. Nilikaa nyuma nikiangalia vidole. Kwenye kundi lililokuwa karibu yangu walikuwamo wasichana watatu na mvulana mmoja, na kidole kilichogusa kioo mwanzo hadi mwisho kilikuwa kimoja. Wasichana walikuwa wakitazama kama mtu anavyotazama televisheni ya jirani kupitia dirishani. Zoezi likatoa alama tisa kwa kumi, kwa kundi. Mwalimu akafurahi.

Nikamwomba Ijumaa awape maswali yale yale kwa kalamu na karatasi, kila mtu peke yake. Yule kijana akapata tisa. Wale watatu wakapata mbili, mbili na tatu.

Hili limewapata wengine, tena kwa pesa nyingi zaidi. Peru waligawa kompyuta mpakato kwa skuli za vijijini kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote katika mradi wa One Laptop per Child. Watafiti wakalinganisha skuli 319, zilizopata na zisizopata. Kompyuta ziliongezeka kutoka 0.12 kwa mwanafunzi hadi 1.18, yaani karibu mara kumi, na ripoti yao ya mwaka 2012 haikuona tofauti katika Hisabati wala katika lugha. Ninaipenda ripoti ile kwa sababu inanipa la kusema kwenye vikao vya ugawaji wa vifaa. Lakini naitumia kwa tahadhari, maana ng'ambo ya mlango wa bahari wetu, Tanga, mambo yalikuwa mengine. Huko, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wengi wao hawawezi kusoma hata neno moja, na walikuwa wakijifunza wenyewe, bila mwalimu, kwa miezi 15. Idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikapungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wakawa wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Kwa hiyo anayesema kishikwambi bila mwalimu ni mzigo mtupu, amesahau jirani zake. Tofauti moja niionayo mimi ni hii: Tanga kila mtoto alikuwa na chake, na programu ilikuwa ikimsubiri yeye. Kwetu ilikuwa ikimsubiri mwenye kidole chepesi.

Kusubiri kunanikumbusha redio. Kuanzia 2006 hapa Zanzibar palikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi. Msimamizi anawakalisha watoto, redio inauliza, kisha inanyamaza. Ule ukimya ulikuwa umerekodiwa makusudi ili watoto wajibu. Redio ya betri iliweza kungoja darasa zima lijibu. Sisi tumeletewa kioo, na kungoja tumekusahau.

Tukaweka kanuni moja: asiyejua ndiye ashike. Anayejua anaruhusiwa kusema tu, mikono nyuma. Kelele hazikupungua, lakini sasa zilikuwa za watoto wakielezana, na si kwa Kiingereza kinachotakiwa kwenye Hisabati. Kwa Kipemba. Mwalimu akaniangalia kama anayengoja nimkataze. Nikajifanya naandika.

Jumatatu inayohama

Hapo ndipo ningeweza kufunga ripoti. Lakini mwalimu alikuwa na malalamiko mengine, na nilimsikiliza kwa sikio moja kwa sababu ni malalamiko ya kila skuli: utoro. Alisema watoto wake wanakosa Jumatatu. Wanatoka mapumziko ya mwisho wa wiki hawajaamka. Akanionesha rejesta: Jumatatu ya Januari 23, mistari mitupu; Jumatatu ya Februari 6, vivyo hivyo. Alikuwa ameshawaita wazazi wawili.

Mwezi wa tatu nilipokwenda tena, akaniambia sasa wamehamia Jumatano. Februari 20, Jumatatu, darasa lilijaa. Siku mbili baadaye, Jumatano ya 22, watoto 21 hawakuja. Alikuwa amekasirika kama mtu anayefanyiwa mzaha. Nami nikamjibu jibu la kijinga: afuatilie zaidi.

Ramadhani ikaingia Machi 24, skuli ikafungwa, Sikukuu ikapita. Mwezi wa tano darasa lilifika kwenye mada ya takwimu. Kitabu kina mfano wa watoto wa mji fulani na matunda wayapendayo, wangapi tufaha, wangapi peasi. Mwalimu akauliza nani kati yao amewahi kuonja peasi. Kimya. Ndipo akaja kwangu kwa simu na wazo ambalo lilikuwa lake, si langu: wanafunzi waingize rejesta yao wenyewe kwenye vishikwambi, Januari hadi Machi, wachore grafu ya utoro wao. Nadhani nia yake ya kwanza ilikuwa kuwaaibisha. Hakukiri, nami sikumbana.

Kila kundi likapewa wiki moja ya rejesta ya karatasi na jedwali tupu la kompyuta. Aliyekuja andika 1, asiyekuja andika sifuri. Kishikwambi kimelazwa juu ya rundo la madaftari ili kisimame, mmoja anasoma rejesta kwa kidole, mmoja anaandika, wa tatu anahakiki. Walipomaliza wakatafuta wastani wa kila siku. Siku moja ikatoa 1 kamili: hakuna aliyekosa. Lakini rejesta ya karatasi ilikuwa inaonesha watoto tisa hawakuja. Wakarudia, ikatoa 1 tena. Dakika kumi zilipita kabla ya msichana mmoja kuinamia kioo hadi pua ikagusa, akasema, "Mwalim, hii si sifuri. Hii ni o." Mwenzake alikuwa ameandika herufi badala ya namba. Mashine haihesabu herufi kwenye wastani, inairuka, na ikiwaruka wote wasiokuja wanabaki waliokuja peke yao. Sijapata kuona somo la wastani lililoingia vizuri kuliko lile, na halikuwa kwenye mpango wa somo.

Namba 37

Kabla ya grafu kulitokea jambo ambalo lilikuwa kosa letu. Mwalimu aliwaonesha jinsi ya kuzipaka rangi seli: 1 kijani, sifuri nyekundu. Majina yalikuwa upande wa kushoto, kama kwenye rejesta. Jedwali zima likawaka, na mbele ya majina ya wasichana kumi hivi mistari ilikuwa na madoa mekundu kama surua. Mmoja wao alilitazama jina lake, akabonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikawa cheusi. Hakusema neno. Aliketi na kishikwambi kilichozimwa mapajani mpaka kengele.

Rejesta ya karatasi inakaa kwenye meza ya mwalimu. Hii ilikuwa kwenye mikono ya wanafunzi 64, wenye simu nyumbani. Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo, mimi mtu mzima na cheti changu. Siku ya pili mwalimu aliyafuta majina, akaweka namba zilizochanganywa, na kila mtoto akaambiwa yake kwa siri. Yule msichana akawa namba 37. Akakiwasha kishikwambi.

Safu ya pili ya tarehe

Grafu ya kwanza ilipanga utoro kwa siku za wiki na haikuonesha kitu. Jumatatu kidogo, Jumanne kidogo, Jumatano kidogo. Wakapanga kwa tarehe mfululizo, na hapo vikatokea vilima: kimoja mwisho wa Januari, kimoja wiki ya kwanza kamili ya Februari, kimoja kuanzia Februari 21. Mwalimu akauliza vimeachana siku ngapi. Kumi na nne, mwengine akasema kumi na tano. "Kitu gani kinarudi kila baada ya siku kumi na tano?"

Aliyejibu ni mvulana ambaye darasani hujulikana kwa kulala. Jioni husoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kwa mjomba wake, na huko ubao huandikwa tarehe ya Kiislamu. Akasema tuweke tarehe za chuoni pembeni. Wakaongeza safu: Rajab, Shaaban. Wakapanga jedwali upya kwa siku ya mwezi mwandamo, na vile vilima vitatu vikakusanyika sehemu mbili tu, mwezi ukiwa mchanga na mwezi ukishapevuka.

Darasa zima likacheka, kwa sababu lilikuwa linajua. Kila mtu pale anajua. Mwezi ukiandama na ukipevuka, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana, na kwetu siku za bamvua maji hutoka kabisa kama saa nne asubuhi. Ndio wakati wa kushuka kwenye mwani, kuvuna, kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi vilivyolegea. Mama anahitaji mikono, na mikono iliyo karibu ni ya binti yake. Kila siku maji huchelewa kama dakika 40 hadi 50, kwa hiyo bamvua hukata siku tatu nne za mkondo wa asubuhi barabara. Yakiwa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, kupwa kwa mchana huangukia alasiri, nako ni kudogo, hakuna anayeshuka.

Mzunguko wa bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu, wiki mbili na kipande. Kile kipande ndicho kilichokuwa kikimtesa mwalimu: kila mzunguko utoro unasogea mbele karibu siku moja katika wiki. Aliyeanza kuuona Jumatatu, baada ya mwezi ataukuta Jumatano na kudhani watoto wamebuni hila mpya. Mwalimu ni mtu wa Mkoani mjini. Mimi nimezaliwa kilomita nane kutoka skuli ile, bibi yangu amekufa na mikono iliyochakaa kwa chumvi, na nilimwambia afuatilie zaidi.

Hapa ndipo swali la kishikwambi lilipobadilika, angalau kwangu. Maarifa yote mawili yalikuwamo ndani ya chumba tangu Januari: rejesta mezani na bamvua vichwani mwa watoto. Hayakuwa yamewahi kukutana, kwa sababu moja huandikwa kwa kalenda ya ofisi na jengine huhesabiwa kwa mwezi. Mashine ilichofanya ni kupanga safu upya kwa sekunde moja, kazi ambayo kwa kalamu ingechukua wiki na ingechosha kabla haijaonesha kitu.

Walipokuwa wamechangamka hivyo, mwalimu wa Sayansi akadandia. Jumamosi na Jumapili, Mei 20 na 21, mwezi umeandama, akawapeleka pwani jioni na mti uliochorwa alama kila sentimita kumi, ukasimikwa diko la ngalawa. Picha moja kila robo saa, tangu saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, kisha soma alama kwenye picha. Wakauona ujazo wa Jumapili ukichelewa kuliko wa Jumamosi. Wakaona pia kishikwambi kimoja kikiteleza kwenye mkono wenye maji na kuzama. Waliokizamia walikitoa, lakini hakikuwaka tena.

Nilikwenda Jumatatu nikijua nitakuta kabati limefungwa. Nilikuta daftari la kuazima liko wazi mezani kwa mwalimu mkuu. Kwenye mstari wa kifaa namba 11, chini ya sehemu ya kurejesha, ameandika kwa mkono wake: "Kimeanguka baharini kikifanya kazi." Na sahihi. Vilivyobaki 17 vilikuwa darasani.

Ratiba, na rejesta iliyotudanganya

Kujua sababu hakukuwapa watoto siku. Kuhamisha Kidato cha Kwanza mkondo wa jioni hakukuwezekana, vyumba vina wadogo. Kuwakataza wazazi mwani lilikuwa wazo la mtu mmoja kwenye kamati, na mkewe ni mkulima wa mwani, kwa hiyo halikufika mbali. Walichofanya ni kubadilisha ratiba ya siku za bamvua: Hisabati na Sayansi zianze saa moja na nusu, kabla maji hayajatoka, na masomo yanayoweza kufidiwa yaende mwisho. Darasa likatoa kalenda ya siku hizo mpaka Novemba, wakaibandika ofisini. Wakati huo huo mwalimu aliwawekea mazoezi ya siku zile kwenye kisanduku cha Kolibri ili aliyekosa ayakute.

Ikaanza na bamvua la Juni 5 hadi 7. Rejesta ikapanda ghafla, karibu darasa zima lipo. Mwalimu mkuu akanipigia simu kwa furaha. Mimi nikafurahi pia, nikaandika aya moja nzuri kwenye ripoti yangu ya robo mwaka.

Namba 37 ndiye aliyetuharibia. Akamwambia mwalimu kwamba jedwali linasema uongo: rejesta huitwa saa moja na nusu, na yeye yuko, lakini saa tatu ameshaondoka. Kwenye jedwali ana 1. Kwa siku nzima. Tulikuwa tumebadilisha ratiba ikawafaa wapimaji. Ile aya ilibidi niifute. Wakaongeza wito wa pili saa tano, na safu ya pili kwenye jedwali, na picha halisi ikawa hii: vipindi viwili vya mwanzo watoto wengi wa pwani sasa wanavipata, vilivyobaki hawavipati. Ni nafuu, na ni nusu. Mazoezi ya Kolibri ya kufidia yalifunguliwa na wachache, maana kisanduku kiko skuli, na aliyeko pwani asubuhi, jioni yuko chuoni. Hilo hatukulipatia dawa.

Machi

Lilibaki tundu moja kwenye grafu. Mwezi ulipevuka Machi 7, kwa hiyo bamvua lilikuwa Machi 8 hadi 10. Mwalimu wa Sayansi alikuwa na uhakika kwamba hapo kilima kingekuwa kirefu kuliko vyote, kwa sababu maji ya bamvua ya Machi, jua linapokaribia kupita juu ya ikweta, ni miongoni mwa makubwa ya mwaka. Maji yalikuwa makubwa kweli, kila mtu anakumbuka. Lakini siku tatu zile walikosa watoto sita tu. La mwisho wa Machi liliingiliana na Ramadhani tukaliweka kando. Darasa lilijaribu kila sababu: mvua, mtihani, maziko, harusi. Hakuna iliyokaa.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Julai. Grafu ilichorwa upya kwa kalamu za rangi kwenye karatasi kubwa ya manila, ikabandikwa ubaoni, na vishikwambi vitatu vikapita mkono kwa mkono kwa anayetaka kukaribia. Mwalimu wa Hisabati akaeleza vilima, na wazazi wakatikisa vichwa kwa adabu, kama mtu anayeelezwa njia ya kwake. Alipofika Machi akasema hapo hawajui.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mtoto mdogo mgongoni, akacheka.

"Mwezi wa tatu si mwani ulikuwa ushakufa, Maalim? Kaskazi ilikuwa kali, maji moto, ukawa mweupe wote ukakatika. Maji yametoka, ndiyo. Tungeshukia nini?"

Mwalimu wa Sayansi akauliza kama hutokea kila mwaka. Akajibiwa na wanne kwa pamoja, na wote hawakukubaliana: mmoja alisema zamani haikuwa hivyo, mwengine kwamba hufa kila kaskazi lakini si wote, wa tatu kwamba inategemea aina ya mbegu. Wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya mwaka gani ulikufa lini.

Namba 37 alikuwa benchi la pembeni na kishikwambi mapajani. Alikuwa ameshafungua safu mpya.

"Juu niandike mwani au joto?" akauliza.

"Andika vyote viwili," akasema yule mama. "Na mwaka jana pia, ngoja nikumbuke."